Mgeni Apewe Dadu Mkononi

Juma lililopita nimepokea barua kutoka kwa kijana mmoja fundi seremala wa mtaa wa Pasua, mjini Moshi. Kwa muda wa mwaka mzima yeye na rafiki zake wawili wamekuwa wakichonga visanamu vya askari kutokana na mabaki ya mbao za karakana, kila kimoja urefu wa kidole gumba. Huvipaka rangi kwa subira kubwa, kisha huvipanga mezani kwa mchezo wa vita ambao kanuni zake walizipata kwenye simu. Wamekwisha kulichonga jeshi la Napoleon na jeshi la maadui zake. Walakini hucheza watatu tu, usiku, chumbani.

Jumamosi moja wakaamua kuitoa meza nje, mbele ya karakana, ili watu waone na mwenye kupenda ajiunge. Watu waliona. Walisimama wengi, wakasifu, wakapiga picha, na kila baada ya dakika chache mtu aliuliza swali lile lile: “Kimoja shilingi ngapi?” Hata jua likachwa, hakuna hata mmoja aliyeuliza jinsi ya kucheza. Mmoja wa wale rafiki wawili amekwisha kata tamaa, naye anasema kwamba kama watu wanataka kununua, basi na viuzwe, shughuli ife. Kijana ananiuliza walikosea wapi, na kama mchezo wa namna hii una nafasi yoyote katika mji wetu, au ni mambo ya watu wa nchi nyingine wenye saa nyingi za kupoteza.

Nimeona afadhali nimjibu hapa kuliko kumwandikia peke yake, kwa sababu wanaosumbuliwa na jambo hilo si yeye tu. Wazee wa bao hulalamika kwamba vijana hawaji. Walimu wenye chama cha sataranji shuleni hulalamika kwamba wanachama ni wale wale wanne. Kila mchezo wa mezani una mlango wake, na wengi wetu hushughulika na kuipamba nyumba tukasahau kuufungua mlango.

Hebu tuanze na jambo lililo karibu. Hatua chache kutoka pale kijana alipoiweka meza yake sina shaka lilikuwapo benchi la drafti, kwa maana katika miji yetu ni taabu kupita mitaa mitatu bila ya kulikuta. Ubao umechorwa kwa mkono juu ya kipande cha plaiwudi. Kete ni vizibo vya soda, vya huyu vimelala kifudifudi na vya mwenziwe vimelala chali. Hakuna rangi ya kutamanisha wala uchongaji wa kusifiwa, na hakuna mpita njia aliyewahi kuuliza ubao ule unauzwa kiasi gani. Hata hivyo wamesimama watu wanane, na mmoja wao alitumwa dukani saa nzima iliyopita.

Kwa nini wamesimama? Kwanza, kila mmoja anajua kwa kutupa jicho mara moja nani yumo hatarini. Pili, mtazamaji wa drafti si mtazamaji hasa. Anacheza kwa mdomo. Anashauri, anacheka, anamzomea aliyeliwa kete tatu kwa mpigo mmoja, na wachezaji hawamfukuzi, au humfukuza kwa maneno tu. Tatu, na hili ndilo kubwa, aliyefungwa huinuka. Akiinuka, nafasi inabaki wazi mbele ya macho ya watu, na nafasi iliyo wazi humwita mtu kuliko tangazo lolote. Mara nyingi huyo anayekaa hakukusudia kukaa.

Sasa itazame meza ya kijana wetu kwa macho hayo. Vijana watatu wameinama juu ya visanamu vizuri, wanazungumza wao kwa wao, na hakuna nafasi iliyo wazi wala hatakuwapo wa kuinuka mpaka jioni. Mpita njia wa Moshi ni mtu wa biashara. Akiona vitu vizuri vimepangwa kando ya njia, na watu nyuma yake, ataelewa nini isipokuwa kwamba vinauzwa? Swali la bei halikuwa dharau. Ndilo swali pekee ambalo meza ile ilimruhusu kuliuliza.

Bao nalo linatufundisha upande wa pili wa jambo hilihili. Nalipenda bao, wala simfichi msomaji. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi kabla mchezo haujakomaa. Mwalimu Nyerere alikuwa mchezaji wake mashuhuri. Lakini kumkalisha mwanagenzi mbele ya nyumba, kichwa na kimbi, ukamweleza habari za kunamua na kutakata kwa pumzi moja, ni kumfukuza kwa heshima. Waliolijua bao walilijua kwa kusimama miaka nyuma ya mabega ya baba na wajomba. Leo baba yuko kazini, mjomba yuko Dar es Salaam, na yale mabega hayapo. Asiyelikuta bao nyumbani atalikutia wapi, ikiwa wenye nalo wamejikunja kwenye duara lao?

Turudi kwenye visanamu. Mchezo wa vita wa mezani una historia ndefu, na ndani yake kuna kisa kimoja ambacho kila anayetaka kuonyesha mchezo kwa watu wageni ingefaa akisome. Mwaka 1811 huko Prussia, katika nchi ambayo sasa ni Ujerumani, raia mmoja jina lake von Reisswitz aliwaonyesha wana wa mfalme mchezo wake wa vita. Vilima na mabonde aliyafinyanga kwa mchanga wenye unyevu. Watoto wa mfalme wakafurahi, na mfalme mwenyewe akataka kuuona. Bwana yule akaona haya kumpelekea mfalme mchanga. Akaomba muda, na mwaka 1812 akaleta meza kubwa ya fahari yenye droo, yenye vipande vya plasta vilivyotiwa rangi za mashamba na mito, ambavyo mtu aliweza kuvipanga upya apendavyo. Mfalme alifurahi mno, akaucheza na jamaa yake. Lakini mchezo ukabaki pale pale kwenye jumba la mfalme, kwa sababu nani mwingine angaliweza kuwa na meza kama ile?

Aliyeutoa nje ni mwanawe, luteni wa mizinga, aliyeachana na plasta akatumia ramani za karatasi na vipande vidogo vya kuwakilisha vikosi. Mwaka 1824 aliitwa kuuonyesha kwa mkuu wa makao makuu ya jeshi, Jenerali von Müffling, mbele ya maofisa wake. Jenerali aliingia akiwa baridi, kama mtu aliyelazimishwa kuhudhuria mkutano. Luteni angaliweza kuanza kusoma kanuni, na kanuni zilikuwa nyingi. Hakufanya hivyo. Alimwomba jenerali mwenyewe atunge hali ya vita, kisha achague maofisa wawili miongoni mwa waliokuwapo wawe makamanda wa pande mbili. Mchezo ukaanza, na kadiri ulivyoendelea jenerali alizidi kupata moto, hata mwisho akatamka kwamba huo si mchezo tu bali ni shule ya vita, akaupendekeza kwa jeshi zima.

Naomba kijana wetu akirudie kisa hicho mara mbili. Meza ya fahari ilimpata mfalme mmoja. Ramani ya karatasi iliwapata maofisa wa jeshi zima, kwa sababu tangu dakika za kwanza amri ilikuwa mikononi mwa wageni. Sisemi kwamba uzuri haufai. Uzuri ndio unaomsimamisha mtu. Bila ya uzuri hata hatajua kwamba kuna jambo hapo. Ila ukimsimamisha usipompa kitu mkononi, atapiga picha na kwenda zake.

Uingereza, ambako mchezo huu umeenea sana, wamelifahamu jambo hili kwa kulitenda. Kwenye maonyesho yao makubwa ya London yaitwayo Salute, vyama huandaa meza za aina mbili: moja ya kutazamwa, iliyotengenezwa kwa miezi mingi na ambayo hutakiwi kuigusa, na nyingine ya kushiriki, ambayo yeyote apitaye anakaribishwa kukaa. Kwa mji ambao tayari una maelfu ya wachezaji, meza ya kutazamwa ina faida yake. Kwa Moshi, ambako wachezaji ni watatu, naishauri ya pili tu.

Jambo jingine nimwambie kijana bila ya kuzunguka. Napoleon ana nini na watu wa Pasua? Mtu hawezi kushangilia vita asiyoijua. Kama unataka mama anayetoka sokoni Mbuyuni asimame, mwekee mezani kitu anachokijua tangu utotoni. Mwekee mlima.

Fanya hivi. Nyuma ya meza, ukingoni, jenga Kibo kwa magazeti ya zamani yaliyolowekwa katika gundi ya unga wa ngano, na ukikauka mpake chokaa kileleni. Usimweke katikati, maana atawazuia watu mikono na macho. Ukitazama kutoka mjini Moshi, Kibo yuko kushoto na Mawenzi yuko kulia. Ukibadilisha, kila apitaye atasimama kukusahihisha. (Rafiki yangu mmoja anasema basi wabadilishe kwa makusudi. Mimi siafiki, ila nakiri ni hila nzuri.) Faida ya mlima wa mezani ni kwamba ule mwenyewe mara nyingi hujificha mawinguni mchana, saa ambazo watu wengi wamo mitaani, na mlima wako hautafichwa.

Chini ya mlima weka mteremko, na juu ya mteremko panda migomba, yaani vijiti vyenye majani ya karatasi ya kijani. Chora mfongo mmoja unaokata meza kutoka juu kwenda chini, kwa maana hakuna Mchagga asiyeujua mfongo wa maji na ugomvi wake. Upande wa juu weka boma. Meza isizidi upana wa mita 1 na robo, ili aliyesimama upande huu aufikie ulio katikati bila ya kulala juu ya migomba. Watu wazunguke pande tatu. Meza iwe ya kimo cha kiuno cha mtu mzima, si zaidi, ama sivyo watoto watauona mlima na kuikosa vita.

Na vita ni ipi? Tarehe 10 Juni 1892, Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Mangi Rindi, alishambuliwa na jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Albrecht von Bülow. Mapigano yalikuwa hukohuko mlimani, mahali panapoitwa leo Old Moshi. Watu wa Meli nao walikuwa na bunduki, si mikuki tu kama wengine wanavyodhani, na walikuwa kwenye migomba yao wenyewe. Wajerumani walishindwa, na Bülow aliuawa. Mwaka uliofuata, Agosti 1893, Gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa zaidi, na safari hiyo Meli akashindwa. Maofisa wa jeshi la Ujerumani walikuwa wamezoea kujifunza vita kwa mchezo ule wa Reisswitz, lakini sidhani kama kulikuwa na meza moja Berlin iliyopandwa mgomba.

Hapo ndipo penye mvuto. Mtu atakayepita na kusikia “hapa ni Meli na Bülow” atakuwa na upande tayari kabla hujamweleza kanuni hata moja. Na kwa sababu Mangi Marealle wa Marangu alikuwa rafiki wa Wajerumani wakati huo, tegemea kwamba watu wa Marangu na wa Old Moshi wakikutana mezani kutakuwa na utani wa kutosha. Uache utani uwepo. Ndio ule mdomo wa benchi la drafti niliousema.

Kanuni ziwe za ukurasa mmoja. Napendekeza hizi, na kijana azirekebishe atakavyo. Kila upande uwe na askari 12, na kila mchezaji apewe 3 wa kuwaongoza, hivyo wanacheza watu wanane kwa pamoja. Askari huenda shibiri moja kwa zamu, na shibiri ipimwe kwa mkono wa refa, maana mtu mwenye mkono mkubwa atajinufaisha. Kupiga ni shibiri mbili. Tupa dadu: aliye peupe hupigwa kwa 5 au 6, aliye ndani ya migomba hupigwa kwa 6 tu. Kuvuka mfongo hula zamu nzima. Bülow ana zamu sita za kufika bomani. Akishindwa, Meli ameshinda. Imekwisha. Mchezo mzima hautapita dakika 20, na kila mtu ameelewa kwa nini migomba ni bora kuliko ujasiri.

Visanamu viwe vikubwa kuliko vile vya chumbani. Vile vya milimita 28 vinavyopendwa na wachezaji wa siku hizi huonekana vizuri chini ya taa, lakini nje, kwa mtu aliye nyuma ya watu watatu, huwa kama punje za mahindi. Askari wa risasi waliouzwa zamani na kampuni ya William Britain ya London, iliyoanza kuwatoa wakiwa wazi ndani mwaka 1893, walikuwa na kimo cha milimita 54, na hicho ndicho kimo kinachofaa mtaani. Mwandishi H. G. Wells alitumia wa namna hiyo alipoandika kitabu chake cha mchezo wa vita, *Little Wars*, mwaka 1913. Alikuwa na mzinga mdogo wa kuchezea uliorusha vijiti, na alicheza sakafuni. Ndani ya kitabu hicho aliwaambia watu wazima kwamba vita ndogo ya sakafuni yatosha na kwamba ile kubwa ni upumbavu. Mwaka uliofuata ile kubwa ilianza, na mnamo tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani kutoka huku kwetu walikuwa wamekwisha kuingia Taveta.

Na tafadhali, mezani wawepo wapagazi. Misafara ya Wajerumani ya siku hizo haikwenda bila ya watu wa kubeba mizigo, na askari wenyewe wengi walikuwa Waafrika waliochukuliwa kutoka mbali, Wasudani wakiwamo. Jina la Kariakoo tunalolitamka kila siku limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika ile vita ya 1914 hadi 1918, ambamo wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Meza yenye maofisa na bendera tu, isiyo na mtu mwenye mzigo kichwani, inadanganya. Wachonge wapagazi sita, na kanuni iseme kwamba upande uliopoteza wapagazi wake wote haupigi tena. Utaona jinsi wachezaji watakavyoanza kuwalinda watu ambao hata hawakuwatazama zamu ya kwanza.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo ni ngumu kuliko kuchonga. Kati ya wale vijana watatu mmoja asicheze kabisa. Kazi yake iwe ile ya mpiga debe wa stendi, ila bila ya kumvuta mtu mkono. Mpiga debe hodari hamwelezi abiria habari za injini. Anamwambia gari limebakiza mtu mmoja. Basi kijana asiseme, “Huu ni mchezo wa kihistoria wenye mikakati.” Aseme, “Dada, Wajerumani wamefika mfongoni, tusaidie kuwazuia,” na papo hapo ampe dadu. Dadu ikiwa mkononi mtu ataitupa. Sijapata kumwona anayeirudisha bila ya kuitupa. Ikianguka 6, watu watapiga kelele, na yule dada hataondoka sasa hivi.

Wa pili awe refa. Wa tatu ashike nafasi iliyo wazi na kuiachia kila anapokuja mgeni, kama kiti kinachotunzwa. Wenyeji wasicheze dhidi ya wageni hata kidogo. Nimeona katika michezo mingi jinsi fundi anavyoshindwa kujizuia: anamfunga mwanagenzi kwa mara ya tatu, kisha anashangaa kwamba haji tena. Wageni wafungane wao kwa wao. Kadhalika, mama mwenye kikapu ana dakika kumi tu, na isionekane kwamba amevunja mchezo akiondoka. Askari wake watatu warithiwe na aliye nyuma yake. Wasichana wasingojee kualikwa mara mbili. Wells aliwataja wasichana kwenye jalada la kitabu chake kama watu wa kuongezea tu, na matokeo yake hata leo huko Ulaya meza hizi zimejaa wanaume. Sisi hatuna haja ya kuanza na kosa lao.

Limebaki jambo ambalo huenda msomaji wa Old Moshi amekuwa akiliwaza tangu nilipomtaja Meli. Je, ni halali kuwachezea wafu wetu? Mangi Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake 18. Inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na jamaa zake wamekitafuta kwa miaka mingi. Hii si hadithi ya Napoleon.

Maoni yangu ni haya. Vita ya 1892 yaweza kuchezwa, kwa sababu ilikuwa vita kati ya pande mbili zilizokuwa na uwezo wa kushinda, na anayeicheza analazimika kufikiri kama Meli alivyofikiri: niwaweke wapi watu wangu, niache njia ipi wazi. Mtoto aliyefikiri hivyo kwa dakika 20 amemjua Meli kuliko aliyekariri tarehe. Ya 1900 haichezwi. Hakuna kanuni wala dadu ya kunyonga watu, na anayeiweka mezani kwa ajili ya kuvuta macho amevuka mpaka. Kabla ya kuitoa meza hiyo nje, kijana apande Old Moshi siku moja, azungumze na wazee wa huko, awaonyeshe visanamu na kuwaeleza nia yake. Wakisema boma la Meli halikukaa alivyoliweka, alihamishe. Wakisema hapana kabisa, basi achague jambo jingine. Mlima huu haukosi visa.

Na Bülow akishinda mezani? Kijana atashawishika kuzipanga kanuni ili Meli ashinde sikuzote. Asifanye hivyo. Mchezo ambao mwisho wake umekwisha kuamuliwa watu huunusa mara moja, na upande wa Bülow utakosa wachezaji. Akishinda Bülow, refa aseme wazi kwamba tarehe 10 Juni haikuwa hivyo, aeleze kwa maneno machache ilivyokuwa, kisha aulize nani yuko tayari kujaribu tena. Nina hakika nani atainua mkono kwanza: yule aliyekuwa Meli akashindwa.

Mahali na saa navyo vichaguliwe. Stendi haifai, mtu anayewahi gari hana masikio. Karibu na kilabu cha mbege kuna watu wengi na furaha nyingi, lakini visanamu havitarudi nyumbani vyote. Afadhali Jumamosi alasiri mbele ya karakana ileile, au Jumapili watu wanapotoka kanisani wakiwa hawana haraka. Wakati wa masika usijaribu. Magazeti na gundi ya unga haviwezi kushindana na mvua, na Kibo atayeyuka mbele ya watu. Ukisha chagua siku na mahali, usivibadilishe kwa miezi mitatu, kwa maana anayependezwa leo huenda akarudi baada ya majuma matatu, na akikuta pamehamwa hatatafuta. Kila aliyecheza mpe karatasi moja: upande mmoja kanuni, upande wa pili siku na saa. Usihesabu waliosimama. Hesabu waliorudi. Ukipata wawili siku ya pili mmekwisha kuwa watano.

Nao walioulizia bei wasidharauliwe. Anayetaka kununua kisanamu auziwe baada ya kucheza, si kabla, na auziwe wawili, wa Meli na wa Bülow, ili akifika nyumbani awe na cha kumwonyesha mtoto wake.

Huyo rafiki aliyekata tamaa ndiye ningemfanya mpiga debe. Amekwisha kujua watu wa Pasua husema nini wanapopita. Kuhusu jeshi la Napoleon, lisitupwe wala lisichomwe. Kwa meza ya nje ni dogo mno, lakini chumbani bado lina kazi. Kofia zile ndefu zikichongwa kidogo kwa patasi na kupakwa rangi upya, askari wa Ufaransa watageuka askari wa Bülow bila ya shida kubwa, na wageni watakaorudi wataweza kujifunza kwao usiku. Watakaobaki na kazi ya kuchongwa upya ni watu wa Meli, na wapagazi.